Kuendesha Gari Usiku Mbele ya Taa Zinazopofusha: Mwongozo Kamili kwa Dereva

Tangu serikali ya Tanzania iliporuhusu tena mabasi ya mikoani kusafiri usiku mwaka 2023, baada ya zuio lililoanza miaka ya 1990, barabara kuu kama ile ya Dar es Salaam kwenda Morogoro na Iringa zimejaa taa usiku kucha. Malori yanayopeleka mizigo Zambia, Kongo na Rwanda yalikuwapo hata kabla ya hapo. Sasa yameongezewa mabasi, na dereva wa gari dogo anayeondoka Chalinze saa mbili usiku hupishana na taa mfululizo mpaka anafika. Ukimuuliza safari ilikuwaje, karibu kila mara atasema kwamba wenzake hawapunguzi taa.

Malalamiko hayo ni ya haki, ila hayamsaidii, kwa kuwa swichi ya taa ya mwenzake haimo mkononi mwake. Kilichomo mkononi mwake ni usafi wa kioo, mpangilio wa taa zake mwenyewe, mwendo aliokuwa nao kabla hawajakaribiana, na mahali anapoelekeza macho wakati wa kupishana. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika mchana, nyumbani au gereji, na ndiyo maana mwongozo huu unaanzia huko kabla ya kuingia barabarani.

Kinachotokea ndani ya jicho

Gizani mboni ya jicho hupanuka ili kuingiza mwanga mwingi zaidi, na seli za retina zinazotumika katika mwanga hafifu hujiandaa polepole, zikichukua takriban dakika 20 hadi 30 kufikia uwezo wao kamili. Taa kali ikiingia, sehemu ya maandalizi hayo hupotea papo hapo. Zaidi ya hapo, mwanga huo hutawanyika ndani ya jicho lenyewe na kuweka kitu kama pazia jeupe juu ya kila unachokitazama, hivyo vitu vyenye rangi hafifu hupotea ingawa bado vipo mbele yako.

Kijana mwenye macho mazima hurejewa na uwezo wa kuona baada ya sekunde chache. Mtu mwenye umri mkubwa huchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu mboni yake haipanuki kama zamani na lenzi ya jicho imepoteza uangavu. Tuchukue sekunde 5 kuwa mfano. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde, kwa hiyo katika sekunde hizo 5 utakuwa umepita mita 110 bila kuona vizuri. Unayemkosa katika umbali huo si gari linalokuja, maana hilo unaliona kupita kiasi; unayemkosa ni mtembea kwa miguu aliyevaa nguo nyeusi, baiskeli isiyo na taa, au trela lililoharibika na kuachwa nusu ndani ya lami.

Kioo cha mbele, kwanza ndani

Wengi huosha gari kila wiki, na kioo kikang'aa kwa nje, lakini upande wa ndani hauguswi kwa miezi. Upande huo hujenga utando mwembamba wa mafuta unaotokana na vumbi, pumzi za abiria, moshi wa sigara na mvuke wa plastiki za dashibodi zinazochomwa na jua. Dawa za kung'arisha dashibodi zinazopulizwa kwenye vituo vya kuoshea magari huongeza utando huo, na ninashauri mteja aikatae huduma hiyo hata kama ni ya bure. Mchana huoni kitu. Usiku, kila taa inayokuja hugonga utando huo na kugeuka kuwa duara kubwa lenye ukungu.

Ili uthibitishe, egesha gari gizani, keti kwenye kiti cha dereva na umwombe mtu aimulike kioo kwa tochi ya simu kutoka nje, akiwa upande. Utaona michirizi ya vidole, alama za kitambaa cha zamani, na mara nyingi nusu duara mbili zilizochorwa na waipa. Anza kusafisha kwa kitambaa laini kilicholowekwa kwenye maji yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, kamua sana, futa, kisha pitia kwa kitambaa kingine kikavu kisichoacha nyuzi. Kama mafuta ni sugu, tumia spiriti kidogo. Futa ndani kwa kushuka na kupanda, na nje kwa kwenda kulia na kushoto. Mchirizi ukibaki, mwelekeo wake utakuambia uko upande gani wa kioo.

Nje, kagua raba za waipa kwa kupitisha kidole. Zikiwa zimekauka au kupasuka zibadilishe, maana waipa mbovu husambaza tope badala ya kuliondoa. Kioo ambacho kimepigwa mchanga kwa miaka mingi nyuma ya malori huwa na vijishimo vidogo maelfu, na taa ikikigonga hutoa miale kama nyota. Hapo hakuna dawa isipokuwa kubadilisha kioo. Tinti kwenye kioo cha mbele, isipokuwa ule utepe wa juu wa kuzuia jua, iondolewe. Haipunguzi mng'ao bila kupunguza pia kila kitu kingine unachohitaji kukiona. Na mwenye miwani akumbuke kwamba lenzi zake nazo ni kioo cha mbele.

Taa zako: plastiki, balbu na waya

Magari mengi yanayoingia Afrika Mashariki yametumika Japani, na yanapofika huku mengine tayari taa zake zimepauka na kuwa za njano. Plastiki iliyopauka hupunguza mwanga unaotoka na kuutawanya unaobaki, kwa hiyo mwenye gari haoni mbali na anayekuja anaumizwa. Kuisafisha ni kazi ya saa moja. Zungushia utepe wa karatasi kwenye rangi ya gari ili usiikwaruze, lowanisha taa, sugua kwa msasa wa maji namba 800 au 1000, endelea na namba 2000, malizia na 3000, huku ukimwagia maji wakati wote. Taa itaonekana nyeupe kama maziwa, na hapo wengi huogopa. Baada ya kung'arishwa kwa polishi ya rangi ya gari uangavu hurudi. Hatua inayorukwa sana ni ya mwisho, yaani kupaka dawa inayozuia miale ya jua, na bila hiyo unjano hurudi baada ya miezi michache. Dawa ya meno inayosifiwa mtandaoni hung'arisha kwa muda mfupi tu.

Kuhusu balbu, ninalo neno kali kidogo. Taa iliyoundwa kwa balbu ya halojeni imepimwa kulingana na mahali hasa pa waya mdogo unaowaka ndani yake. Katika balbu ya aina ya H4, iliyoenea sana na yenye wati 60 kwa fulu (mwanga mkali wa kuona mbali) na 55 kwa dimu (mwanga ulioshushwa wa kupishana), kuna kikombe kidogo cha chuma chini ya waya wa dimu ambacho kazi yake ni kuzuia mwanga usipande juu. Ukiichomoa na kuweka balbu ya LED au ya zenoni ya bei rahisi, chanzo cha mwanga huwa na umbo jingine na mara nyingi hukaa mahali tofauti, hivyo kiakisi hutupa mwanga kila upande. Dereva hufurahi kwa kuwa mita chache mbele ya boneti pamekuwa peupe, lakini mwanga huo wa karibu hufanya mboni yake ijikunje na asione mbali, na wakati huohuo anawapofusha wote anaopishana nao. Gari lililotoka kiwandani na LED au zenoni yenye lenzi yake ni jambo jingine kabisa.

Epuka pia balbu zenye rangi ya samawati. Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini, na halojeni ya kawaida ina takriban 3200. Zile zinazouzwa kwa kelvini 8000 hupendeza dukani, ila samawati hutawanyika zaidi ndani ya jicho.

Kabla ya kununua balbu kali zaidi, mwombe fundi umeme apime volti kwenye soketi ya taa ikiwa imewashwa. Waya mchovu au athi (mahali waya unapofungwa kwenye bodi ya gari) yenye kutu hula volti, na volti zikipungua kwa asilimia 10 mwanga wa halojeni hupungua kwa karibu asilimia 30. Mara nyingi kukwangua athi na kubadilisha soketi iliyoungua hurudisha mwanga ambao mwenye gari alidhani ameupoteza kwa uzee wa gari. Balbu zibadilishwe zote mbili pamoja.

Kupanga taa ukutani

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, na ndiyo inayofanywa na wachache. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo taa za dimu za magari yetu zimeundwa ziwe na mstari unaotenganisha mwanga na giza: upande wa kulia, anakotoka mwenzako, mstari huo umelala, na upande wa kushoto unapanda kidogo ili umulike kingo ya barabara na watembea kwa miguu. Utahitaji ukuta, sakafu iliyosawazika, futi ya kupimia, utepe wa karatasi na bisibisi.

1. Hakikisha matairi yana upepo sahihi na gari halina mzigo usio wa kawaida. Kama kuna kigurudumu cha kurekebisha urefu wa taa karibu na usukani, chenye namba 0 hadi 3, kiweke kwenye 0, na mtu aketi kwenye kiti cha dereva.

2. Lisogeze gari mpaka taa zikaribie kugusa ukuta. Bandika alama ya msalaba mahali palipo mkabala na kitovu cha kila taa, kisha pima urefu kutoka sakafuni. Tuseme umepata sentimita 65.

3. Lirudishe gari nyuma kwa mstari ulionyooka mpaka taa ziwe mita 5 kutoka ukutani.

4. Bandika utepe mrefu wa mlalo ulio sentimita 5 hadi 6.5 chini ya alama zile. Huu ni mteremko wa asilimia 1 hadi 1.3. Magari mengi yenye asili ya Ulaya yameandikwa asilimia yake karibu na taa, na hiyo ndiyo ya kufuata.

5. Giza likiingia, washa dimu na ufunike taa moja kwa kitambaa kinene kwa muda mfupi tu, maana halojeni huchoma. Geuza skrubu ya juu na chini iliyo nyuma ya taa hadi sehemu iliyolala ya mstari wa mwanga ilingane na utepe, na ile ya kulia na kushoto hadi mahali mstari unapoanza kupanda pawe chini ya msalaba. Rudia kwa taa ya pili.

Kama mstari unapanda upande wa kulia badala ya kushoto, taa hiyo imetengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia, na hakuna kiasi cha kugeuza skrubu kitakachoiponya. Hali hii huonekana kwenye magari yaliyoletwa kutoka Ghuba au Ulaya bara, na kwenye malori ya Rwanda, Burundi na Kongo yanayofuata mizigo Bandari ya Dar es Salaam, ambayo huko kwao yako sahihi kabisa. Dereva wa lori hilo anaweza kuwa ameshusha taa kwa adabu zote, na bado mkia wa mwanga wake ukakupata usoni. Baadhi ya taa zenye lenzi zina kiwiko kidogo kwa ndani cha kulaza mstari huo. Zisizo nacho, kwa gari linalobaki huku, zibadilishwe.

Mzigo nao huharibu mpango wote. Chukua gari lenye mita 2.6 kati ya tairi la mbele na la nyuma, taa zikiwa na urefu wa sentimita 65 na mteremko wa asilimia 1.3, mwanga wake hufika chini umbali wa mita 50. Pakia magunia mawili ya mchele kwenye buti na abiria watatu nyuma, sehemu ya nyuma izame sentimita 5. Pua ya gari imeinuka kwa karibu asilimia 1.9, yaani zaidi ya ule mteremko, na sasa dimu yako inaelekea juu. Kwenye umbali wa mita 100 mstari wake utakuwa na urefu wa sentimita 125 hivi, ambao ndio urefu wa macho ya dereva wa gari dogo. Ukiwa na kile kigurudumu, kipeleke 2 au 3. Usipokuwa nacho, hamishia mizigo mizito mbele kadiri inavyowezekana, na kama shokapu na springi za nyuma zimechoka zitengenezwe kwanza. Madereva wengi wanaopigiwa fulu na kila anayekuja, ilhali wao wako kwenye dimu, wana tatizo hili na hawalijui.

Dakika za mwisho kabla ya kuondoka

Karibu na ikweta jioni ni fupi. Jua likizama mnamo saa kumi na mbili na nusu, baada ya nusu saa hivi ni giza kamili, na kipindi hicho cha katikati ndicho kigumu, kwa kuwa anga bado ina mwanga na barabara haina. Washa taa mapema, ili uonekane zaidi ya kuona. Futa taa za mbele na za nyuma kwa kitambaa chenye maji kila unaposimama kujaza mafuta, kwa sababu saa chache nyuma ya malori zinatosha kuzipaka tope.

Punguza mwanga wa dashibodi mpaka uweze kuisoma tu, na ule wa skrini ya redio au simu ya ramani ufanye hivyo hivyo. Abiria anayetazama video karibu yako anakupunguzia uwezo wa kuona bila kujua. Kioo cha ndani cha nyuma kina kijipini kwa chini ambacho ukikivuta taa za anayekufuata hufifia. Vioo vya pembeni vigeuze nje kidogo, kiasi kwamba ukiketi kawaida taa za nyuma haziingii machoni moja kwa moja, na ukiinamisha kichwa unaona kilichopo.

Mwendo unaolingana na taa

Dimu iliyopangwa vizuri humulika mita 50 hadi 60 hivi. Kanuni za barabarani za Uingereza huhesabu kwamba gari linalokwenda kilomita 64 kwa saa huhitaji mita 36 kusimama kwenye lami kavu, na linalokwenda 80 huhitaji mita 53, na hapo breki na matairi ni mazima na dereva yuko macho. Maana yake ni kwamba kilomita 80 kwa saa ndio ukingo wa dimu, na kilomita 100 ni kuendesha ndani ya giza kwa matumaini. Ukiwa na fulu una nafasi zaidi, lakini kwenye barabara yenye magari mengi fulu utaitumia kwa vipande vifupi tu. Panga saa za safari kwa mwendo wa dimu, na wanaokusubiri waambie ukweli huo kabla hujaondoka.

Kupishana

Yafuatayo huchukua sekunde zisizofika kumi, na utaratibu wake unastahili kuzoewa mpaka uwe wa kawaida.

Unapoona mwanga unakuja kwa mbali, achia mafuta kidogo kwanza. Kisha, kabla hujaizima fulu yako, itumie kuisoma barabara upande wa kushoto: je, kuna baiskeli, lori lililoegeshwa, mtu mwenye mkokoteni, lami iliyomegeka? Utakachokiona katika sekunde hizo mbili ndicho utakachokitegemea wakati taa za mwenzako zitakapokuzuia kuona. Kwa maoni yangu hakuna zoea lenye thamani kuliko hili, na linapotea kwa dereva anayeshusha taa bila kutazama.

Shusha taa mapema. Magari mawili yanayokwenda 80 kila moja hukaribiana kwa mita 44 kila sekunde, hivyo umbali wa mita 150 ni sekunde tatu na kidogo tu. Umbali wa mita 300 unawapa nyote wawili nafasi ya kutosha. Kwenye kona na vilele vya vilima usisubiri kuziona taa zenyewe: ule mwangaza unaotangulia juu ya majani unatosha kuwa ishara. Asiposhusha, mkumbushe mara moja kwa kuwasha na kuzima haraka. Asipojibu, mwache. Kumrudishia fulu ili naye aone uchungu kunazaa madereva wawili wasioona, wakikutana kwenye barabara yenye upana wa mita saba hivi.

Macho yapeleke kwenye mstari mweupe wa pembeni kushoto, na kama umefutika, kwenye mpaka wa lami na majani. Usiukodolee macho, kwa kuwa usukani una tabia ya kufuata unakotazama na gari likaanza kuteleza kuelekea pembeni. Wako wanaofunga jicho moja ili kulihifadhi. Sishauri, maana kwa jicho moja ni vigumu zaidi kupima umbali wa vitu vilivyo karibu. Endelea kuachia mafuta, bila kukanyaga breki ghafla, kwani nyuma yako huenda kuna basi ambalo dereva wake naye amepofushwa na taa zilezile.

Taa zake zinapofika usawa wa boneti yako, rudisha fulu papo hapo. Usiizidishie mwendo gari kabla hujaona, kwa sababu nyuma ya lori kuna giza zito kuliko kawaida, na mara nyingi ndani yake kuna bodaboda inayotaka kuvuka au gari lililokuwa likijiandaa kulipita.

Ikitokea huoni kabisa, washa hazadi (indiketa zote kwa pamoja) na upunguze mwendo taratibu ukibaki kwenye njia yako. Usitoke nje ya lami hadi uone unakotoka, maana pembeni ndiko kwenye watu, mashimo na malori yaliyoharibika.

Barabara zetu zina lugha yake ya taa, na inafaa kuijua. Lori linalokuja likiwasha indiketa yake ya kulia linakuonyesha mwisho wa ubavu wake, ili usiusogelee. Lakini indiketa hiyohiyo inaweza kumaanisha anakata kulia mbele yako, kwa hiyo karibu na njia panda punguza mwendo. Lori unalolifuata likiwasha ya kulia, dereva wake anakwambia usimpite. Ikiwa ya kushoto, anasema njia ni nyeupe, ingawa jukumu la kuthibitisha linabaki kwako. Taa za anayekuja zikiruka juu ghafla na kushuka, amepita kwenye tuta, rasta au shimo, nawe utafika hapo baada ya sekunde chache. Matawi mabichi yaliyotawanywa kwenye lami maana yake kuna gari bovu mbele, na huenda liko nyuma ya kona. Taa moja inayokuja ichukulie kuwa gari chongo ambalo taa yake iliyokufa ni ile ya upande wako, mpaka uthibitishe kuwa ni pikipiki.

Unapofuata gari, kaa kwenye dimu na uache nafasi ya sekunde tatu au nne. Unapolipita, fulu iwashwe baada ya kulifikia ubavuni, na anayepitwa ashushe zake wakati huohuo. Anayekung'ang'ania nyuma kwa fulu usimkimbie. Tafuta mahali palipo wazi, onyesha indiketa ya kushoto, mpe njia. Zile taa ndefu za LED zinazofungwa juu ya kabini za pikapu ni za porini, na kwenye lami zinapaswa kuzimwa.

Mvua, ukungu na vumbi

Lami iliyolowa huakisi mwanga wako kwenda mbele badala ya kukurudishia, ndiyo maana barabara huonekana nyeusi kama shimo hata taa zikiwa nzuri, huku taa za anayekuja zikiongezeka maradufu kwa kuakisiwa chini. Mistari nayo hupotea. Usiku wa mvua punguza mwendo zaidi ya unavyofikiri inatosha, na ikiwa mvua ni ya kumwaga, simama kwenye kituo cha mafuta ukae humo.

Kwenye ukungu, kama unaofahamika na madereva wa Limuru nchini Kenya na wa Mufindi mkoani Iringa, fulu hugonga matone na kukurudia usoni kama ukuta mweupe. Tumia dimu, pamoja na taa za ukungu za chini kama zipo, na uzizime ukungu ukiisha. Vumbi la barabara isiyo na lami lina tabia ileile: subiri litulie kabla ya kumpita aliyelitimua.

Macho yenyewe

Ikiwa kioo ni safi, taa zimepangwa, na bado unaumia kuliko wenzako mnaosafiri nao, tatizo linaweza kuwa ndani. Mtoto wa jicho huanza kimyakimya, na mara nyingi dalili yake ya mwanzo ni taa za usiku kuonekana zimetawanyika au zimezungukwa na duara. Kisukari kisichodhibitiwa, kasoro ya umbo la jicho inayofanya taa zionekane na miale mirefu, na miwani ya namba iliyopitwa na wakati huleta usumbufu unaofanana na huo. Duara za rangi kuzunguka taa zikija pamoja na maumivu makali ya jicho na kichwa, ni dharura ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Ukosefu wa vitamini A huleta upofu wa usiku, lakini kwa mtu anayekula vizuri kuongeza karoti hakubadilishi kitu.

Miwani ya njano inayouzwa stendi kwa jina la miwani ya usiku ipite tu. Lenzi yoyote yenye rangi hupunguza mwanga wote, pamoja na ule mdogo unaotoka kwa mtembea kwa miguu. Anayehitaji miwani ya namba aombe lenzi zisizo na rangi zenye tabaka la kuzuia uakisi, ambalo huondoa vivuli vya taa vinavyocheza ndani ya kioo cha miwani.

Vipimo hufanyika katika hospitali za rufaa na kliniki za macho, na hospitali kama KCMC ya Moshi na CCBRT ya Dar es Salaam zina idara zinazojulikana kwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Mweleze daktari kwamba unaendesha usiku na ueleze hasa unachokiona taa inapokujia, kwa sababu mtu anaweza kusoma herufi zote za ubaoni kwenye chumba chenye mwanga na bado asione vizuri gizani. Siku ya kupimwa usiende na gari peke yako: matone ya kupanua mboni huacha jicho wazi kwa saa kadhaa, na katika muda huo hata jua la mchana huumiza kama fulu.